Balwant Aliitwa Thee, Mimi You

Nimestaafu mwezi wa tatu mwaka huu, na vijana wa jumuiya yetu hapa Sparkbrook, Birmingham, wameniomba niandike kidogo juu ya kazi yangu, wasome wale wanaoanza kazi za mikono. Wamenipa masharti mawili: isiwe ndefu, na isiwe ya kulalamika. La kwanza nitajaribu. La pili siahidi, kwa sababu miaka thelathini na mitatu niliyokaa kwenye karakana ya Hockley karibu yote niliikaa na wivu, na mtu hawezi kusimulia safari akauficha mzigo aliobeba. Watoto wa siku hizi mnaokielewa Kiswahili na kujibu Kiingereza, mkishindwa kusoma, mama zenu wawasomee.

Kazi yangu ilikuwa kuchonga maandishi kwa mkono juu ya fedha na dhahabu. Pete, sinia, migongo ya saa, vikombe vya kanisa, makombe ya mabingwa wa mchezo wa vishale. Sikuja Birmingham kwa kazi hiyo. Nilikuja kumfuata mume wangu Seif, nikitokea Unguja, na nilipofika nilikuwa nachora maharusi hina katika nyumba za nyuma ya Ladypool Road. Siku moja niliitwa kwenye harusi ya Kisingasinga, na kaka wa bibi harusi akaja kusimama nyuma yangu akitazama kwa muda mrefu kuliko adabu. Alikuwa Balwant, Singh mzaliwa wa Nakuru, kilemba cha buluu, Kiswahili chake cha huko huko.

"Mkono yako iko steady sana," akaniambia. "Huchori line kwanza?"

"Nichore mstari wa nini? Naona pa kwenda."

"Kwetu kazini wanatafuta mtu kama wewe."

Kwa hiyo yeye ndiye aliyenipeleka. Nataka hilo lijulikane mapema, maana nitakayoyasema juu yake huko mbele si mazuri, na aliyenionesha mlango ni yeye.

Siku ya kwanza fundi mkuu hakunisalimia. Jina lake Wilf, nasi tulimwita Mister Wilf. Alikuwa mfupi, mwenye masikio makubwa na kizibao cha sufu alichokivaa hata jua likiwaka, mwenyeji wa ile miji ya machimbo na viwanda iliyo magharibi ya Birmingham ambayo wenyewe wanaiita Nchi Nyeusi. Aliniambia ninyooshe mkono wa kulia. Akachukua ukanda wa karatasi, akaulaza kutoka katikati ya kiganja mpaka ncha ya kidole cha shahada, akaukata kwa mkasi, akaandika kitu juu yake kwa penseli, akautia mfukoni mwa kizibao. Halafu akanipa kalamu ya karakana, mpini wake umepigwa namba saba, akanionesha kiti.

Kalamu ndiyo chombo chetu, na tulikipa jina hilo mimi na Balwant kwa kukosa jingine. Ni fimbo nyembamba ya chuma kigumu, imenolewa ncha, imetiwa mpini wa mti wenye umbo la uyoga uliokatwa nusu. Uyoga unakaa kiganjani, chuma kinapita chini ya vidole, ncha inachungulia mbele. Mpini ukiwa mrefu kwa mkono wako, ncha inakukimbia. Ukiwa mfupi, unasukuma kwa bega badala ya kiganja, na jioni shingo inakuuma. Tofauti ni ndogo, punje moja ya mchele, lakini herufi inaiona. Namba saba ilikatwa kwa mkono wa mtu ambaye sikumjua, aliyekuwa na vidole virefu. Niliizungushia kitambaa, nikafanya kazi.

Mambo ya kwanza niliyofundishwa ni haya. Unanoa ncha kwenye kinoo chenye mafuta, kisha unaijaribu juu ya ukucha wa gumba: ikiteleza haijawa tayari, iking'ang'ania imekuwa. Unaipaka fedha rangi nyeupe nyepesi ili mchoro uonekane. Kitu unachokichonga kinakaa juu ya mto wa ngozi uliojaa mchanga, na mkono wa kushoto unauzungusha mto huo. Mkono wa kulia hauendi popote. Wageni wote wanadhani kalamu inatembea juu ya pete, kumbe pete ndiyo inayotembea chini ya kalamu. Mwezi mzima nilichonga mistari iliyonyooka juu ya bati la shaba. Mwezi wa pili mistari iliyopinda. Mister Wilf alikuwa akija, anaweka lenzi jichoni, anatazama, anarudisha bati bila neno.

Pale palikuwa na ada moja ambayo sijaisikia kwengine. Mister Wilf alikuwa anakata mipini mwenyewe, na kila fundi alikuja kupewa kalamu zake, zilizokatwa kwa kipimo cha mkono wake, siku ambayo Mister Wilf ataona inafaa. Siku hiyo ni ipi, hakusema, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Ukishapewa ni zako, hata ukihama unaondoka nazo. Juu ya pete ya shaba inayoshika mpini alichonga neno moja. Zake mwenyewe ziliandikwa MINE, zangu, watu wasizichukue. Za Balwant, ambaye alinitangulia mwaka mmoja tu, ziliandikwa THINE, yaani zako wewe. Alipewa tatu, katika mwaka wake wa pili. Mimi nilikuwa na namba saba na kitambaa.

Na si kalamu tu. Mister Wilf alimwita Balwant thee.

Hapa nisimame niwaeleze, kwani shule zenu haziwafundishi. Kiingereza cha leo kina neno moja la kumwambia mtu, nalo ni you, awe mmoja au kijiji kizima, awe waziri au mwizi wa kuku. Zamani haikuwa hivyo. Mtu mmoja alikuwa thou akiwa ndiye mtendaji, na thee akiwa ndiye anayetendewa. Mali yake ni thy au thine. Watu wengi walikuwa ye na you. Walikuwa nayo, yaani, ile ile tofauti yetu ya wewe na nyinyi, wakaipoteza. Nilipolijua hilo niliona raha kidogo. Waingereza na majumba yao ya makumbusho, na hawakuweza kutunza kitu ambacho bibi yangu alikitunza bila kwenda shule.

Lakini hawakukipoteza wote. Wazee wa Nchi Nyeusi walibaki nacho, kwa namna yao, wakisema thee hata pale ambapo vitabu vinataka thou. Asubuhi Mister Wilf aliingia, akamwambia Balwant, "How bist thee?" yaani u hali gani. Mchana, "Has thee ate?" Mimi nilikuwa you. Good morning, Mrs Rukia, would you pass the oil. Mgongo wake ulikuwa mbaya, na kila nilipoingia asubuhi alisimama kuunyoosha, akanisalimia, akakaa tena. Kisha akamgeukia Balwant na thee zake. Siku moja nilizihesabu. Zilikuwa kumi na moja kabla ya chai.

Sasa kosa langu. Katika mwaka wa kwanza na wa pili maandishi mengi niliyopewa yalikuwa ya kanisani na ya makaburini. Kila thou niliyoichonga alikuwa anaambiwa Mungu. Kila thee alikuwa anaambiwa marehemu, au bibi harusi. Mimi Muislamu wa Ng'ambo ya Unguja nitajuaje? Nilijihesabia hivi: neno wanalomwambia Mungu ndilo neno la heshima kuu, ndiyo shikamoo yao. Basi Balwant anaheshimiwa, mimi sitambuliwi. Na nikaona, kama mimi sipewi heshima, acha niitoe, pengine itarudi.

Mister Wilf aliugua kifua, akakaa nyumbani wiki mbili. Jumatatu aliyorudi nilisimama, nikafunga mikono mbele kama nilivyolelewa, nikasema mbele ya karakana nzima, "Mister Wilf, how art thou?"

Tupa za watu zilinyamaza. Masikio ya Mister Wilf yakawa mekundu.

"Mrs Rukia," akasema polepole, "aliyekuwa akiniita hivyo ni mama yangu, na ameshakufa." Akaenda kukaa.

Wakati wa chai Balwant alinifuata uani.

"Wewe, umefanya nini? Hiyo ni kama mtoto aambie babu yake, 'We, umeamkaje?'"

"Mbona wanamwambia Mungu?"

"Mungu ni Mungu. Huyo ni foreman."

Kwetu Unguja mtoto aliyemwambia mkubwa "we" alikula kofi kabla hajamaliza neno. Na mimi, mtu mzima, nilikuwa nimemwambia fundi wangu "we" kwa heshima zote, mikono imefungwa. Niliona haya mpaka mwezi ukaisha. Yeye hakulitaja tena, aliendelea kunyoosha mgongo na kuniita you.

Aliyenifungua macho ni mteja, bibi mmoja wa Selly Oak aliyeitwa Margaret. Nyumba yake ilikuwa imezungukwa na nyumba za wanafunzi kila upande, na alipenda kuja karakana kwa sababu, alisema, sisi angalau tulikuwa tunalala usiku. Alikuwa wa dini ya Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, ambao wamejaa Kenya ya magharibi; Balwant aliwajua kabla yangu. Alileta kijisanduku cha fedha cha dada yake aliyetimiza miaka tisini, akataka yachongwe maneno mawili tu, For thee. Nikamuuliza, kwa nini si you? Akavuta kigoda.

Aliniambia kwamba thou ilikuwa ya mtu mmoja, basi, haikuwa na siri. Kisha wakubwa, kwa kuwaiga Wafaransa, wakataka waambiwe kwa wingi, kama kwamba mfalme mmoja ni umati. Nilimwelewa haraka. Stratford Road kuna Mkongomani anayeuza samaki wakavu, Papa Ilunga, na mpaka leo ananiuliza, "Mama, mumeamuka?" nami nimesimama peke yangu na kikapu. Basi Waingereza wakaanza kuwaita wakubwa you, na kila mtu akataka kuwa mkubwa, thou ikabaki kwa watoto, watumishi, wapenzi, wanyama, maadui na Mungu. Neno lile lile lilikuwa mapenzi kwa huyu na tusi kwa yule. Mwisho watu wa mjini wakachoka kukisia, wakamwita kila mtu you ili wasigombane. Vitabu vya dini vikaibakisha thou, na kwa kuwa watu waliisikia kanisani tu, wakadhani ni ya utukufu.

"Kama mimi," nikasema.

"Kama karibu kila mtu," akasema. Marafiki wa mwanzo, akaniambia, walikataa kumwita hakimu au tajiri you, kwa sababu mbele ya Mungu kila mtu ni mmoja. Walipigwa na kufungwa kwa ajili hiyo. "Kwetu ilibaki ya nyumbani. Mume wangu aliniita thee miaka hamsini. Tangu afe, amebaki dada yangu tu wa kuniambia, ndiyo maana nataka aipate imechongwa juu ya fedha."

Nilimsikitikia, wallahi. Nilikichonga kile kijisanduku kwa moyo wote, na herufi zile saba mpaka leo naziona zilivyokaa. Lakini katika maneno yake yote moyo wangu ulishika moja tu: nyumbani. Nilikuwa nikidhani Balwant anapewa heshima, kumbe anapewa kitu kikubwa zaidi. Amefanywa mwana, mimi mgeni. Bora nisingeuliza.

Seif alinicheka. "Umeolewa na mimi, una watoto wawili, Salma na mdogo wake, na unamlilia mzee wa kizungu akuite wewe?" Wivu hauna jibu. Nilikuwa nalala nao na kuamka nao, ukinywa chai pamoja nami. Balwant akisifiwa nilisikia kama nimenyang'anywa. Balwant akikosea nilifurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi, kisha nikamlaumu yeye kwa haya hizo.

Jambo moja jema lilitoka humo, nami nalisema kwa faida yenu. Wivu ulinifanya nifanye kazi. Nilichonga alfabeti juu ya shaba wakati wenzangu wanakula. Nilisoma kila kitu juu ya thou na jamaa zake, mpaka wateja wakawa wanaelekezwa kwangu. Aliyetaka thou are nilimtuliza, nikamuandikia thou art. Aliyetaka thy eyes nilimuuliza kama haoni thine eyes inateleza vizuri zaidi mdomoni. Wenye baa waliotaka Ye Olde kwenye vikombe vyao niliwaeleza kwamba hiyo si ye ya nyinyi hata kidogo, ni the tu, iliyoandikwa zamani kwa herufi iliyokufa ambayo ilifanana na y. Walisikiliza kwa adabu, wakataka Ye Olde vile vile. Mchongaji anachonga alichoagizwa, lakini anaruhusiwa kuguna.

Kila mwaka, mwezi ule ule niliotimiza mwaka wangu pale, nilimpelekea Mister Wilf bati la shaba lenye kazi yangu bora. Aliweka lenzi. Alilizungusha. "Bado, Mrs Rukia," akasema, akanirudishia.

Mwaka wa sita kilikuja kikombe cha kanisa, cha zamani, chenye mdomo mwembamba, na ombi refu lichongwe kukizunguka, thou nne na thy mbili ndani yake. Shida ya duara ni kwamba herufi ya mwisho lazima ikutane na ya kwanza bila kubanana na bila kuacha pengo. Ukikosea nafasi ya kila herufi kwa unywele mmoja, mwisho unakosa mahali pa kuweka neno zima. Kikombe hakina sehemu ya kujaribia. Mister Wilf alikiweka mbele yangu. Siku hiyo hiyo Balwant alipewa pete sita za harusi, herufi mbili mbili. Nikasema moyoni, ona, mwana anapewa pete, mgeni anapewa taabu.

Nilikaa nacho siku tisa. Kilipokwisha, neno la mwisho lilikaa kando ya la kwanza kama watu wawili kwenye benchi. Mister Wilf alikipeleka dirishani, akakizungusha mara mbili. Mimi nilisubiri na namba saba mkononi.

"Bado, Mrs Rukia," akasema.

Nilikwenda chooni nikalia. Nilimchukia siku ile, na Balwant nilimchukia zaidi, naye alikuwa amekaa tu akipuliza vumbi la pete zake.

Mister Wilf alistaafu katika mwaka wangu wa nane. Kulikuwa na sherehe ndogo karakana, keki na soseji nisizokula. Sikwenda. Nilipiga simu nikasema nina homa, na mchana kutwa nilikaanga maandazi ambayo hakuna aliyeyaomba. Nilijiambia, akamuage mwanawe. Nilijua kwamba kama ningekuwepo na nikamuona anaondoka bila kunipa kalamu, mbele ya watu, ningevunjika. Hilo nilifikiri litaniua. Nyinyi mnaosoma, msifanye nilivyofanya. Mtu anapoondoka kazini, nenda, hata kama roho imekunja ngumi. Baridi iliyofuata alifariki. Balwant alikwenda maziko, huko kwao. Aliporudi nilimuuliza palikuwaje, na alipoanza kunieleza nilimwambia nina kazi.

Miaka ishirini na mitano iliyobaki nitaipitisha upesi, kama ilivyonipitia. Mashine ya kuchonga kwa miale, laser, ililetwa, na Zuhura, binti wa jirani yangu aliyezaliwa hapa, akaajiriwa kuiendesha. "Aunty, you just type it in," ananiambia, na kweli, anaandika tu, mashine inaunguza kikombe kizima kabla sijamaliza kunoa. Kazi ndogo zikaenda kwake, kazi za duara na vitu vya kale zikabaki kwangu. Mafundi wengine waliokuja baadaye walinunua kalamu zilizokwisha kukatwa. Ada ya Mister Wilf ilikwisha naye. Balwant alifanya kazi pembeni yangu muda wote huo, pete na kalamu zake tatu, akastaafu miaka minne kabla yangu. Tulikuwa tunachangia chai na magazeti. Wivu wangu ulipungua makali lakini haukuisha. Kila alipoweka kalamu mezani, THINE ilinitazama.

Mwezi wa tatu ikawa zamu yangu. Wenzangu waliweka keki, Zuhura alileta sambusa za mama yake, na saa nane Balwant akaingia, fimbo mkono mmoja, kilemba cha buluu kama siku ile ya harusi. Alisubiri watu wapungue, akaja kukaa kwenye kiti kilichokuwa chake. Akatoa leso mfukoni, akaiweka mbele yangu. Ndani yake palikuwa na kitu kigumu.

"Hii ni yako," akasema. "Mzee alinipa nikupatie. Ile siku ya party yake, hukukuja."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nilianza kuhesabu miaka.

"Miaka ishirini na mitano, Balwant?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa umekaa hapo. Hatua mbili."

"Najua venye nilikuwa nimekaa, Mama Salma. Wacha niseme, ama nitatoka nisiseme." Akaishika fimbo kwa mikono yote miwili. "Wewe ulikuwa unafikiri mimi nilipewa mapema kwa sababu ananipenda. Mzee alikuwa anakata mpini mkono ikitulia. Ikishaacha kubadilika, ndiyo anakata, kwa sababu sasa inajulikana, haiendi mahali tena. Yangu ilitulia second year. You understand? Aliangalia kazi yangu akaona, hapa ndiyo mwisho ya huyu. Na alikuwa right. Nimechonga pete maisha yangu yote. Lakini wewe, kila mwaka anaangalia, anasema bado. Bado inaenda. Hii alikata tu kwa sababu alikuwa anastaafu. Ile kikombe, alisema bado. Mimi niko hapa nasikia hiyo bado yako, naungua."

"Alikuwa anakuita thee."

"Mbwa wake pia alikuwa thee. Mimi, mbwa, na ndugu yake. Sikatai, alinipenda. Lakini wewe ukiingia alikuwa anasimama."

"Alikuwa ananyoosha mgongo."

"Mgongo gani? Nilikaa na yeye miaka tisa. Hakuwa na shida ya mgongo."

Nilikuwa na hasira ya kutosha kumwagia chai, na chini ya hasira palikuwa na kitu kingine, aibu, kwa sababu nilimjua mtu anayekaa hatua mbili na mwenzake akiungua. Nilimjua vizuri sana.

"Kwa nini leo?" nikamuuliza.

"Kwa sababu leo haiwezi kukusaidia tena," akasema. "Ndiyo nikaweza. Unaona venye mimi niko."

Nikafungua leso. Mpini ulikuwa wa mti mgumu wa manjano, umesuguliwa mpaka unang'aa. Chuma chake hakijawahi kunolewa tangu ncha ya kwanza. Kilizungushiwa ukanda wa karatasi uliogeuka rangi ya chai, urefu wa mkono wangu nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na sita, na juu yake kwa penseli, Mrs Rukia. Nikachukua lenzi, nikatazama pete ya shaba. Herufi zake zilikuwa safi kuliko zozote alizomchongea Balwant, nawaapia, na zilisema YOURS.

Si thine. Hata pale alinipa you.

Mnadhani nilifurahi. Nilifurahi, lakini wivu ulipanda kwanza, papo hapo, kama maziwa yanavyopanda sufuriani.

"Tubadilishane," nikamwambia Balwant. "Nipe moja yako, wewe chukua hii."

"Hapana."

"Unazo tatu."

"Hata zingekuwa kumi. Hizo ni zangu." Na akatazama ile YOURS, nikaona macho yake, nikajua kwamba kama ningeisogeza kidogo tu angeinyakua.

Sijui kama nimemsamehe. Anakuja Jumapili kula biriani na mimi na Seif, na pengine nitamuuliza tena, nisikie tena alivyosema naungua.

Alipoondoka niliinoa ile kalamu kwenye kinoo, nikaijaribu ukuchani, ikang'ang'ania. Niliitia kiganjani. Vidole vyangu vimevimba viungo siku hizi, vimejikunja, na ncha ilichungulia mbele zaidi ya inavyotakiwa, kwa punje moja ya mchele. Nilichonga mstari mmoja juu ya bati la shaba, haukuwa mbaya. Zuhura alikuwa ananitazama.

"It's a bit long for you, Aunty," akasema. "Shall I trim the handle?"

Nikamwambia bado.